Kandanda ya Wabelgiji na Mlango Wake

Klabu iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa Ubelgiji, katika mwaka 1896, ilikuwa ya Liège, mji wa chuma na makaa ya mawe ulioko kando ya mto Meuse. Na klabu hiyo hiyo, ilipokaribia kutimiza miaka mia moja tangu fahari ile, ndiyo iliyoshtakiwa na mchezaji wake mwenyewe katika shauri ambalo hukumu yake iligeuza desturi za mpira katika bara zima la Ulaya. Atakaye kufahamu kwa nini Wabelgiji, ambao idadi yao haifiki milioni 12, waliwahi kuhesabiwa wa kwanza duniani pasipo kutwaa Kombe la Dunia hata mara moja, na kwa nini klabu zao leo hulea vijana ambao matunda yao huliwa na wengine, hana budi kuitazama historia yao kwa jicho moja tu, nalo ni hili: mlango wao waliufungua kwa nani, wakaufunga kwa nani, na lini.

Mchezo wenyewe uliletwa na Waingereza, waliokuwa wakifanya biashara katika bandari ya Antwerp na kusomesha watoto wao katika vyuo vya nchi ile. Na klabu ya Antwerp, iliyoasisiwa mwaka 1880, ndiyo inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote, hata chama cha mpira kilipoanza kuziandikisha klabu kwa nambari za kudumu, nambari moja ilipewa klabu hiyo. Tarehe 1 Mei 1904, huko Uccle kando ya Brussels, Ubelgiji ilicheza na Ufaransa mechi ya kwanza rasmi ya mataifa hayo mawili, wakatoka sare ya mabao matatu kwa matatu. Na haukupita mwezi, wajumbe wa mataifa saba walikutana Paris wakaunda FIFA, na Ubelgiji ikiwa mmojawapo. Jina la Mashetani Wekundu walipewa mwaka 1906 na mwandishi wa magazeti, Pierre Walckiers, kwa ajili ya fulana zao na ukali wao, na hata leo hawana jingine.

Taji moja walilipata mapema, na hawajapata la pili. Mwaka 1920, vita vikuu vikiwa vimekwisha juzi tu na nchi ingali na makovu ya mizinga, michezo ya Olimpiki ilifanywa Antwerp, na katika fainali ya kandanda Wabelgiji walikuwa wakiongoza mabao mawili kwa bila wakati Wachekoslovakia, kwa kumkasirikia mwamuzi Mwingereza John Lewis, mzee wa miaka 65, waliondoka uwanjani kabla ya mapumziko wasirudi. Medali ya dhahabu wakapewa wenyeji. Ni taji halali, walakini ni taji la mechi isiyomalizika, nami nadhani Wabelgiji wenyewe wamelihisi hilo kwa muda mrefu, maana katika masimulizi yao huitaja mechi ya Olimpiki kwa sauti ya chini kuliko mechi nyingi walizofungwa. Miaka kumi baadaye, mataifa ya Ulaya yalipoikwepa safari ya Uruguay kwa sababu ya umbali, Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa manne tu yaliyovuka bahari kwenda kwenye Kombe la Dunia la kwanza. Timu yake haikufua dafu, bali mwamuzi wake, John Langenus, ndiye aliyepuliza kipenga katika fainali, amevaa koti na tai.

Baada ya vita vya pili likaja jambo ambalo vitabu vya mpira aghalabu hulitaja kwa upesi, nalo kwa maoni yangu ndilo msingi wa yote yaliyofuata. Ubelgiji ilikuwa na makaa ya mawe chini ya ardhi, lakini haikuwa na watu wake waliokubali kushuka kuyachimba. Ikaandikiana mapatano na Italia mwaka 1946, ipewe wafanyakazi, nayo Italia iuziwe makaa. Wakaja kwa magari ya moshi, wakalazwa katika mabanda yaliyokuwa ya wafungwa wa vita, na tarehe 8 Agosti 1956, katika shimo la Bois du Cazier huko Marcinelle, moto uliwaua wachimbaji 262, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waitaliani. Watoto wa watu hawa ndio waliocheza mpira katika vichochoro vya miji ya makaa. Mmoja wao, Enzo Scifo, aliyezaliwa La Louvière mwaka 1966 kwa wazazi waliotoka Sisilia, alichukua uraia mwaka 1984 akiwa na miaka 18, na mwezi huo huo akavaa fulana nyekundu katika mashindano ya Ulaya. Watu walishangaa kuona nchi iliyojulikana kwa mabeki wagumu na mtego wa kuotea ikimzaa kiungo mwenye upole ule wa mguu. Lakini hapakuwa na ajabu, kwa kuwa ufundi ule ulikuwa nchini miaka yote, ila haukuwa umeandikishwa.

Ikiwa kwa Waitaliani mlango ulifunguliwa kwa kuchelewa, kwa Wakongo ulichelewa zaidi, na hili sisi tusomao Kiswahili tuna haki ya kulitazama kwa makini. Wamisionari wa Kibelgiji ndio walioueneza mpira katika Kongo: huko Léopoldville padre Raphaël de la Kethulle alijenga viwanja na kuanzisha vyama, na huko Élisabethville, mji tuujuao leo kwa jina la Lubumbashi, Wabenedikto waliianzisha mwaka 1939 klabu ambayo baadaye ilichukua jina la Englebert, mtengeneza matairi wa Liège, na ambayo leo ndiyo Mazembe. Kati ya wachezaji wa Kongo, Léon Mokuna alikwenda kuichezea klabu ya Ghent mwaka 1957, Paul Bonga Bonga akaichezea Standard ya Liège na kuwa bingwa nayo, na Julien Kialunda akang'ara katika Anderlecht ya miaka ya 1960. Watu walijaa viwanjani kuwatazama. Hata hivyo hakuna hata mmoja wao aliyeingizwa katika timu kubwa ya taifa, ingawa Mokuna na Bonga Bonga walifika wakati ambapo nchi yao ilikuwa koloni la Ubelgiji. Mchezaji mweusi wa kwanza kuvaa fulana ya Mashetani Wekundu ni Dimitri Mbuyu, na mwaka ulikuwa 1987: miaka thelathini baada ya Mokuna kushuka Ghent.

Naye Mobutu, mtawala wa Kongo, kwa upande wake, aliwaita wachezaji warudi nyumbani na kuwazuia wengine wasitoke, na matokeo yake yalionekana. Kongo ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 1968, ikalitwaa tena 1974 kwa jina la Zaire, na mwaka huo huo ikaenda kwenye Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Nao Wabelgiji walibaki nyumbani, kwani katika mechi zao sita za kufuzu hawakufungwa hata bao moja, na bado wakatolewa na Uholanzi kwa wingi wa mabao, baada ya bao la Jan Verheyen katika dakika za mwisho kule Amsterdam kukataliwa kwa madai ya kuotea. Waliowatawala wakawatazama waliotawaliwa kwenye televisheni. Jambo hilo lingetosha kuwaonyesha wakuu wa mpira wa Brussels kwamba palikuwa na hazina waliyoikalia bila kuijua, lakini halikuwaonyesha.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Anderlecht ilitwaa Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1976 na 1978, na Kombe la UEFA mwaka 1983. Club Brugge ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa 1978. Mechelen, klabu ya mji mdogo kabisa, ikaifunga Ajax mwaka 1988. Timu ya taifa chini ya Guy Thys ilifika fainali ya Ulaya 1980, na huko Mexico mwaka 1986 ilisonga mbele mpaka Maradona alipoisimamisha, ikashika nafasi ya nne. Lakini uozo ulikuwa ndani ya neema hiyo. Mwaka 1984 ilidhihirika kwamba Standard, ili iwe bingwa wa 1982, ilikuwa imewahonga wachezaji wa Waterschei katika mechi ya mwisho. Na mwaka 1997 ikajulikana kwamba rais wa Anderlecht alimpa fedha mwamuzi wa nusu fainali ya 1984 dhidi ya Nottingham Forest. Na kati ya aibu hizo mbili likaja lile la Heysel, tarehe 29 Mei 1985, ambapo watu 39 waliokuja kutazama fainali ya Liverpool na Juventus walikufa katika uwanja wa Brussels uliokuwa umechakaa, kuta zake zikibomoka, na askari wake wachache wasijue la kufanya. Wabelgiji hawakucheza usiku ule, bali uwanja ulikuwa wao.

Turudi sasa Liège. Mwezi wa Juni 1990 mkataba wa Jean-Marc Bosman, kiungo wa miaka 25, mzaliwa wa mji ule ule, ulikuwa unamalizika. Klabu ikamwambia kwamba akitaka kubaki atalipwa faranga 30,000 kwa mwezi, mahali pa 120,000 alizokuwa akipata; na asipotaka, klabu itakayomchukua italazimika kulipa faranga 11,743,000. Yaani mtu ambaye wao wenyewe walimthamini kwa robo ya mshahara wake, wakamwekea bei kama lulu. Bosman akapatana na klabu ya Dunkerque, ng'ambo ya mpaka wa Ufaransa, lakini Liège ikaingiwa na shaka kama Dunkerque wana uwezo wa kulipa, haikuomba hati ya kumruhusu atoke, kisha ikamsimamisha. Msimu ukaanza, naye hana klabu; mkataba umekwisha, lakini mwenyewe hajawa huru. Mwezi wa Agosti akaenda mahakamani, akitetewa na wakili kijana, Jean-Louis Dupont, na kesi ikapanda kutoka baraza hadi baraza kwa miaka mitano, mpaka tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ilipotoa hukumu: mchezaji aliyemaliza mkataba yu huru kwenda atakako ndani ya Umoja wa Ulaya pasipo klabu yake kudai hata senti moja, na idadi ya wachezaji raia wa nchi za Umoja huo haiwezi kuwekewa mpaka.

Nasema waziwazi kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki, na kwamba desturi iliyovunjwa ilikuwa ya dhuluma. Walakini haki hiyo iliwaangukia kwa uzito zaidi watu wa nchi alikotoka mdai. Klabu za Italia, Uingereza na Hispania, zenye fedha za televisheni, ziliweza tangu siku ile kukusanya wachezaji wazuri wa Ulaya bila kizuizi. Na klabu za Ubelgiji, ambazo miaka minane kabla ya hukumu zilikuwa zikishindana nazo bega kwa bega, zikawa kama fundi wa jahazi ambaye chombo akikimaliza tu hukabidhiwa mwingine kukisafiria. Tangu hukumu ile hakuna klabu ya Ubelgiji iliyotwaa kombe la Ulaya. RFC Liège yenyewe ilikuwa imekwisha kuanguka kutoka ligi kuu hata kabla ya hukumu, na uwanja wake wa Rocourt ukabomolewa.

Timu ya taifa haikuchukua muda kufuata mkondo huo. Mwaka 2000 Ubelgiji na Uholanzi zilishirikiana kuandaa mashindano ya Ulaya, na Wabelgiji wakatolewa katika kundi mbele ya watu wao; baada ya Kombe la Dunia la 2002 hawakuonekana katika fainali yoyote kubwa kwa miaka kumi na miwili, na mwaka 2007 walishuka hadi nafasi ya 71 katika orodha ya FIFA. Katika dhiki hiyo ndipo mkurugenzi wa ufundi, Michel Sablon, alipofanikiwa kuwashawishi makocha wa vijana, wa Kiflemi na wa Kiwaloni, jambo ambalo katika nchi ile iliyogawanyika kwa lugha si dogo, waufuate mpango mmoja. Watoto wadogo wasicheze kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, bali wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, ili kila mtoto auguse mpira mara nyingi. Timu zote za vijana zicheze kwa mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu. Na makocha waache kuwafundisha watoto kushinda kabla ya kuwafundisha kucheza. Ulikuwa mpira wa vichochoro ulioandikwa katika daftari, na wenye vichochoro hivyo walikuwa ni watoto wa wageni.

Genk ni mfano ulio wazi kuliko yote. Ni mji wa jimbo la Limburg, uliokuwa kijiji cha wakulima hadi makaa yalipogunduliwa mwaka 1901 katika nchi ile, ukajaa Waitaliani, Wagiriki, Waturuki na Wamoroko. Ulikuwa na klabu mbili za wachimbaji, Waterschei na Winterslag, na mashimo ya sehemu hizo yalipofungwa, moja mwaka 1987 na jingine 1988, klabu hizo ziliungana kuwa moja. Klabu hiyo ya watu waliopoteza kazi iliweka fedha zake katika kulea vijana, na katika chuo chake wakatoka Thibaut Courtois na Kevin De Bruyne, ambao kwa pamoja walikuwa mabingwa mwaka 2011. Courtois akauzwa mwaka huo huo, mwenziwe mwaka uliofuata. Ni hapo hapo, Januari 2016, alipofika Mbwana Samatta wa Tanzania kutoka Mazembe ya Lubumbashi, akafunga zaidi ya mabao 20 katika ligi ya msimu wa ubingwa wa 2018–2019, akapewa tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile, akaifungia Genk bao katika uwanja wa Anfield, na baada ya miezi miwili naye akauzwa Uingereza.

Kizazi kilichotoka katika malezi hayo kilikuwa na sura ambayo Ubelgiji haikuwahi kuionyesha. Nahodha wake, Vincent Kompany, ni mwana wa Pierre Kompany, aliyeikimbia Zaire mwaka 1975, mzaliwa wa Bukavu, na ambaye mwaka 2018 alichaguliwa kuwa meya wa Ganshoren, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Romelu Lukaku, mfungaji aliyewapita wote katika historia ya timu hiyo, ni mwana wa Roger Lukaku, aliyekuja kutoka Zaire kucheza katika klabu za wastani, na ambaye nyumba yake iliingiwa na ufukara hata mama akachanganya maziwa na maji ili yatoshe. Divock Origi alizaliwa Oostende, mahali baba yake, Mike Okoth wa Harambee Stars, ndugu wa Austin Oduor aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia mwaka 1987, alikuja kucheza mwaka 1992. Na tarehe 22 Juni 2014, katika uwanja wa Maracanã, mwana huyo wa Kenya mwenye miaka 19 aliingia mahali pa mwana wa Kongo akaifunga Urusi bao pekee la mechi.

Lakini bao la kueleza kwa taratibu ni la Rostov, tarehe 2 Julai 2018. Japani ilikuwa imetangulia kwa mabao mawili, Ubelgiji ikayarudisha yote, na katika dakika ya 94 Wajapani wakapata mpira wa kona. Courtois aliudaka, akatoka mbio hadi ukingo wa eneo lake, akamviringishia De Bruyne. De Bruyne akaukokota katikati ya uwanja mtupu, akamtolea kulia Thomas Meunier, Mwaloni aliyekuwa tarishi wa posta kabla ya kulipwa kwa mpira. Meunier akaupitisha mbele ya lango, Lukaku akainua mguu kana kwamba atapiga, akauacha upite kati ya miguu yake. Na nyuma yake akaja Nacer Chadli, mzaliwa wa Liège kwa wazazi wa Kimoroko, akausukuma ndani. Yote hayo yalikwisha kwa muda usiozidi pumzi chache, na kila mlango ambao nchi ile iliuchelewesha ulikuwa umo katika bao lile. Siku nne baadaye waliifunga Brazil, kisha wakafungwa na Ufaransa kwa kichwa kimoja, wakarudi na nafasi ya tatu, ambayo hata leo ndiyo ya juu kabisa kwao katika Kombe la Dunia.

Kisha kizazi kile kikazeeka. Huko Qatar mwaka 2022 walifungwa na Morocco mabao mawili kwa bila, na katika kikosi cha Morocco walikuwamo vijana wanne waliozaliwa Ubelgiji: Selim Amallah, Ilias Chair, Anass Zaroury na Bilal El Khannouss, wa mwisho akiwa amelelewa Genk. Kadhalika Kongo huwaita vijana kama Théo Bongonda, mzaliwa wa Charleroi. Hapa ndipo mustakabali wa Mashetani Wekundu ulipo, kwa kadiri nionavyo: zamani wana wa wageni walingoja mlangoni wafunguliwe, na sasa wao ndio wenye hiari, na nchi ya baba hubisha hodi sawa na nchi ya kuzaliwa. Jérémy Doku, ambaye wazazi wake ni wa Ghana, na Amadou Onana, aliyezaliwa Dakar, wamechagua Ubelgiji. Lakini hakuna sheria wala shauri litakalowalazimisha wadogo zao kuchagua vivyo hivyo, isipokuwa jinsi watakavyotendewa katika mitaa yao.

Kwa klabu, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2021 klabu za Ubelgiji zilikubali kimsingi kuunganisha ligi yao na ya Uholanzi, na muungano huo haujatimia. Uwanja mpya wa taifa uliokusudiwa kujengwa kaskazini mwa Brussels ulikwama katika magombano ya vibali, hata mnamo Desemba 2017 nchi ikanyang'anywa mechi za mashindano ya Ulaya ya 2020, na timu ya taifa ingali ikicheza pale pale palipokuwa Heysel. Na tazama Union Saint-Gilloise, ambao kati ya 1933 na 1935 walicheza mechi 60 za ligi pasipo kufungwa: baada ya kushuka mwaka 1973 walipotea katika madaraja ya chini, wakarudi ligi kuu 2021 baada ya miaka 48, na tarehe 25 Mei 2025 wakawa mabingwa, miaka 90 tangu ubingwa wao wa mwisho. Katika safari hiyo walikuwa wamekwisha kuwauza Deniz Undav na Victor Boniface. Na kwa kuwa uwanja wao wa Joseph Marien, wenye ukuta wa mbele uliochongwa picha tangu 1926, haukidhi masharti ya Ligi ya Mabingwa, mechi zao za nyumbani za Ulaya iliwabidi wazicheze katika uwanja wa mahasimu wao Anderlecht. Msimu uliofuata ubingwa ulikuwa umefika Oktoba tu wakati kocha aliyewapa ubingwa, Sébastien Pocognoli, alipochukuliwa na Monaco.